Ulikuwa Sikio Letu Kule Tshopo

Zaina wangu,

Courant imekatika sasa hivi, na nimekusikia ukiamka. Umevuka sebule bila taa, ukainama pale anapolala mdogo wako Saidi, ukasikiliza kama anapumua, kisha ukarudi kitandani. Unafanya hivyo kila umeme unapokatika usiku, tangu ukiwa na miaka saba, kwanza kwetu sisi, kisha kwa Saidi alipozaliwa, na unadhani hatujui. Mimi najua. Mama yako naye anajua. Hakuna kati yetu aliyewahi kukuambia acha, mtoto, lala. Ndiyo maana nimekaa hapa na tochi mdomoni kama fundi, nakuandikia.

Mambo ya safari siyaandiki. Samaki wa moshi, chikwangue ya muhogo, dawa ya malaria, kitenge cha kujifunika kwenye boti, namna ya kumsalimia tante yako Kinshasa, hayo yote mama yako amekuimbia wiki nzima hadi Saidi ameyashika kwa moyo. Mimi nina neno moja tu. Ni refu, na ni la aibu yangu.

Juzi tulipokuwa tunafunga sanduku nilikuuliza, "Zaina, hapa Kisangani université iko. Unakimbilia nini kule?" Ukanijibu bila kuniangalia: "Papa, bora mama asinione kila siku. Nikienda, atapumua."

Niliendelea kukaza kamba ya sanduku lililokwisha kazwa. Kunyamaza ni kazi ninayoijua vizuri kuliko baiskeli. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nimeusubiri mshindo huo miaka yote hii, kumbe ulikuwa unaliwa na wewe kidogo kidogo.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka Jumapili zetu? Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka. Nilikuwa mtu wa toleka, nabeba watu mjini kwa baiskeli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili toleka ilikuwa yenu. Mama yako alikaa nyuma kwenye kiti cha sponji, sufuria mapajani. Wewe na mdogo wako Rama mbele kwenye chuma, yeye ameshika kengele, wewe umeshika Rama. Palipokuwa na mlima nilishuka, nikasukuma, na Rama alinipigia kengele ili niongeze nguvu. Majirani wa Kabondo walitucheka. "Ee, papa Zaina, unahamisha mtaa?" Nami niliwajibu, "Nahamisha serikali yangu!" Nilikuwa na maneno mengi zamani. Hunijui nilivyokuwa.

Tulikwenda Wagenia kuangalia wavuvi wanavyotembea juu ya magogo katikati ya maji makali, na ile mitego yao mikubwa ya vikapu. Ulimuuliza mvuvi mmoja kama samaki wanaogopa giza. Akakuambia atawauliza. Tulikwenda Masako pia, mbali, miguu yangu iliniuma siku mbili, mkaingia msituni na yule mwanafunzi wa université aliyewaonyesha mitego ya panya. Akaeleza kwamba wanawakamata, wanawapima, halafu wanawaachia warudi porini. Mama yako, binti wa mto, mtu wa Isangi asiyetupa chakula, alishika kiuno: "Banakamata, banapima, halafu banaachilia? Bure?" Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema "bure!" na sisi tunacheka. Rama alilia kwa sababu alimtaka panya yule awe ndugu yake.

Lakini mahali penu hasa palikuwa Tshopo, kwenye maporomoko. Tulianza na ile bustani ya zamani ya wanyama ambayo haina wanyama. Rama alisimama mbele ya kibanda kitupu, akauliza, "Simba iko wapi?" Nikamwambia simba ametoka kidogo, ameenda sokoni, anarudi. Kila tulipokwenda alisalimia kibanda na kuuliza kama amerudi. Sijui kama alikuwa ananiamini au ananionea huruma.

Kisha tunashuka kwenye mawe.

Mawe yale unayajua, ingawa hujayakanyaga tena. Yako chini ya barrage, ule ukuta unaozuia maji ya mto, makavu, mapana, yana vidimbwi vya maji ya vuguvugu na visamaki vidogo. Mtoto hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kuchezea. Na kila mtu aliyezaliwa upande huu anajua kwa nini ni makavu: maji yanayopaswa kupita hapo yanaliwa na mashine za umeme. Mashine zikisimama, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenye mawe yake. Mashine zikisimama, vilevile, mji wote unakosa courant. Kwa hiyo marehemu baba yangu alinifundisha hivi: taa ikizimika, toka kwenye mawe. Na mchana, wakati taa hazionekani? Hapo tulitegemea nganda, baa ya Tonton Gaston, pale juu, na mabafu yake mawili yanayopiga muziki tangu asubuhi. Muziki ulikula courant ya mji. Ukikatika, watu hawakuuliza. Walikusanya watoto na sufuria, wakapanda. Kama ni jambo dogo muziki unarudi, tunashuka tena. Ndivyo tulivyoishi na maji yale, na hatukuona ajabu yoyote.

Mimi nikakupa wewe kazi ya kusikiliza. Ulikuwa na masikio, Zaina! Watu wazima wanapiga soga, wanakunywa, wanageuza samaki, wewe ndiye uliyesikia wa kwanza. Ulisimama wima na kupiga kelele: "Papa! Musiki imekufa!" Na mawe yote yakainuka pamoja nawe, hata watu tusiowajua. Siku moja maji yalikuja kweli, kidogo, yakabeba ndala za watu, na wote wakakupigia makofi. Kuanzia hapo wakakuita Sikio. "Sikio amekuja? Basi tuko salama." Ulitembea kifua mbele kama mke wa gavana.

Jina hilo halijatamkwa tena nyumbani kwetu. Ninaliandika hapa kwa makusudi.

Alors, Jumamosi moja Tonton Gaston aliniita beach, bandarini, akanionyesha groupe, mashine mpya ya kutengeneza umeme, imeshuka kwenye boti ndani ya maboksi. Akasema, "Papa Zaina, wewe peke yako unaweza." Nilijisikia mtu. Nikaifunga kwenye toleka kwa vipande vya mpira, nikaisukuma kutoka beach mpaka Tshopo, jasho hadi kwenye macho. Tukaiweka nyuma ya ukuta wa nganda. Gaston akapigapiga mgongo wa ile mashine, akasema, "Sasa courant iende isiende, sisi hatuna habari. Musiki moja kwa moja!"

Nikacheka naye. Ndiyo, Zaina. Nilisimama pale, nikacheka, nikasema, "Moja kwa moja, tonton!" Akanipa ngolo, kambare mnene bado anatikisa mkia, awe asante yangu. Nikamleta nyumbani, ninyi mkashangilia.

Kesho yake tukaenda naye Tshopo kumla.

Umewahi kuuliza kwa nini sili ngolo. Nilikuambia ananidhuru tumbo.

Jumapili ile ilikuwa nzuri, na hilo huwa linaniudhi mpaka leo. Watu walijaa. Mama yako alikuwa amemfunga samaki kwenye majani, amemweka kwenye moto wangu, kisha akapanda juu kununua chikwangue. Mimi nilibaki nachochea. Wewe ulikuwa kwenye jiwe la katikati, unacheza na muziki. Rama alikuwa chini yako kwenye kidimbwi, na kikombe cha plastiki, anawinda.

Muziki ukakatika.

Ulikatika, Zaina. Muda wa mtu kuvuta kamba ya mashine mara ya kwanza ikakataa, akavuta tena ikakubali. Hata watu walioketi karibu na mabafu hawakuacha kuongea. Lakini wewe ulisimama. Nakuona hivi ninavyoandika, gauni lako la njano, mkono mmoja juu. Ukapiga kelele kama nilivyokufundisha: "Papa! Musiki imekufa!" Na ukaanza kupanda kuja kwangu.

Niliinuka. Kabla sijanyoosha magoti, muziki ukarudi.

Na mimi, baba yako, niliyeisukuma ile mashine kwa mikono yangu siku moja tu kabla, nikakupungia mkono. Nikasema, "Iko! Imerudi! Cheza tu, mama."

Miaka yote nimejiambia kwamba nilisahau ile groupe, kwamba muziki sasa ungeweza kupiga hata courant ya mji ikiwa imekufa. Labda. Labda kichwa kilifurahi kwamba courant imerudi, basi. Labda samaki alikuwa karibu kuiva na nilikuwa na njaa. Nimejiuliza mpaka nimechoka, na sina jibu lenye heshima. Najua tu kwamba ulinigeukia, ukaniangalia mara moja, kama mtu asiyeridhika, halafu ukatii.

Maji hayakuja kwa kelele. Watu wanadhani yalikuja kama ukuta. Yalijaza, tu. Vidimbwi vikawa kimoja, mawe yakawa madogo, na muziki unapiga, na watu wengine bado wanacheza. Kijana mmoja alikuvuta wewe kwa mkono, kwa sababu ulikuwa umekwisha panda nusu njia kuja kwangu. Rama alikuwa chini. Niliingia. Nilikamata kikombe.

Wavuvi walituletea mwili siku ya pili.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Ndiyo, mwanangu, yale ya juu siyo kosa lenyewe. Yale ni upumbavu, na upumbavu Mungu huwa anausamehe, ndivyo nilivyofundishwa msikitini. Kosa lilikuwa jioni ile, pale juu, watu wametuzunguka. Mama yako alikuwa amekaa chini, chikwangue bado mkononi. Akakuangalia. Akakuuliza mbele ya wote: "Zaina, haukusikia? Haukusikia?"

Ukanigeukia mimi.

Ulikuwa na miaka saba, na ulikuwa unasubiri baba yako aseme neno. Maneno yalikuwa machache: alisikia, aliniambia, ni mimi niliyekataa. Hata toleka isingehitajika kuyabeba. Nikaangalia chini. Nilimuogopa mama yako. Niliogopa kaka zake waliokuwa wanakuja kutoka Yanonge. Niliogopa uso wa Gaston, uso wa kila mtu. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho, huyu ni mtoto, watoto hawaulizwi mara mbili.

Ukauinamisha uso wako kama mimi. Ukasema, "Mama, sikusikia."

Kesho ikapita. Arobaini ikapita. Kila mgeni aliyekuja kutupa pole aliambiwa kwamba mtoto hakusikia, jamani, ni mtoto tu, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kona unasikia hilo vizuri sana. Mama yako hakukupiga, hakukutukana. Aliacha tu kukusuka nywele. Alikupeleka kwa jirani usukwe. Nadhani uliona. Najua uliona.

Bon. Nikauza toleka. Nikasema miguu imechoka. Nikafungua kibanda changu cha kutengeneza baiskeli za wengine, na Jumapili nikaanza kulala mchana. Saidi alipozaliwa hatukumpeleka popote. Ana miaka tisa, anaishi mwendo wa asubuhi moja kutoka Wagenia, na anawaona wavuvi kwenye picha za kalenda. Mwaka jana aliniuliza ile sauti inayosikika mbali wakati wa mvua nyingi ni ya nini. Nikamwambia ni malori. Mimi ndiye niliyefunga dunia ya watoto wangu ili nisije nikaulizwa swali moja.

Na wewe ukalisema lile neno mara nyingi hadi likawa lako. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako, ukiwa na miaka kumi na nne: "Mdogo wangu alikufa kwa sababu sikusikia." Ulilisema kama mtu anavyosema jina la ukoo wake. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nashika pampu. Hata hapo nilikuwa na mdomo.

Sina la kukufundisha. Wazazi wengine wana hekima za kumpa mtoto anayeondoka. Mimi nina hili tu: niliona kwamba uongo wa dakika moja haukai dakika moja. Nilidhani nauweka chini kwa muda, kama mzigo, nipumzike, nitaubeba baadaye. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameshaubeba. Na alikuwa anaubeba vizuri, hakulalamika, kwa hiyo nikamwacha. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kama ungelia, labda ningesema.

Leo magharibi mama yako alipokuwa anafunga samaki wako kwenye majani, nilimwambia. Sikutaka upande boti ukimficha mama yako siri yangu. Nilimwambia yote, groupe, kicheko, ngolo, mkono niliokupungia. Nilidhani atanitupia sufuria. Ningeshukuru.

Alimaliza fundo alilokuwa anafunga. Kisha akauliza, "Na mutoto? Anajua?"

Nilifikiri anamuulizia Rama, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa. Nikasema, "Mtoto gani?"

"Zaina," akasema. "Anajua kama alisikia?"

Nikamwambia nadhani umesahau. Nadhani umebakiza ile sikusikia tu.

Akasema, "Basi andika. Mimi yangu nitamwambia mwenyewe." Hajaniongelesha tena. Ameenda kulala kwenye mkeka chumbani kwako, pale karibu na kitanda chako, na sijui yeye na mimi kesho tutakuwa nani. Hilo ni langu, usilibebe. Ulipoamka sasa hivi nadhani ulimruka gizani. Alikuwa macho. Amekusikia ukienda kwa Saidi.

Mama yako hajafika mtoni tangu siku ile, yeye aliyezaliwa juu ya maji na kujua kupiga kasia kabla ya kuhesabu. Jioni hii nimeona ametoa viatu vyake na kuviweka mlangoni. Anakuja beach kesho. Akikuomba ukae chini akusuke kabla boti haijaondoka, kaa, hata kama kapiteni anapiga honi. Akishindwa kusema, mpe muda. Na kama hutaki, usikae. Una haki zote.

Barua hii nitakupa mkononi, nje, kabla hujapanda. Sitaificha kwenye sanduku uikute umekwisha pita Isangi, mahali ambapo huwezi kunirudia. Isome ukiwa ardhini. Kama unataka kunitukana, nitakuwa nimesimama pale karibu na magunia. Kama unataka kuondoka bila kuniaga, nitaelewa, na nitaendelea kusimama mpaka boti ipite kona.

Nenda Kinshasa, Zaina. Sikuzuii. Nenda kwa sababu unataka shule ile, au kwa sababu umechoka na vumbi letu, au kwa sababu una miaka kumi na tisa na mto upo. Lakini usiende ili mama yako apumue. Wewe hujawahi kumziba pumzi. Ni mimi.

Na Jumapili hii nitamchukua Saidi. Nitaazima baiskeli, nitampeleka Wagenia kwanza, halafu siku nyingine Tshopo, tukae juu, mbali na mawe, nimwambie kaka yake alikuwa nani na dada yake alifanya nini. Nitamwambia pia kwamba simba bado hajarudi kutoka sokoni.

Wanasema Kinshasa nako courant inakatika hovyo. Utakuwa umelala kwa tante yako, muziki wa majirani utanyamaza ghafla, na mwili wako utataka kuinuka, kwenda kusikiliza nani anapumua na nani hapumui. Usiinuke. Lala, mama. Kazi ile niliyokupa, ulikwisha ifanya siku ileile, kwa sauti kubwa, mbele yangu.

Ulisikia vizuri.

Papa yako